Artesuneti au kwinini: ulinganisho wa tiba mbili za malaria kali

Kwa miongo mingi, familia ya Afrika Mashariki iliyofikisha mgonjwa wa malaria kali hospitalini ilijua dawa moja tu ya kumtibia, nayo ni kwinini iliyotiwa ndani ya dripu. Leo zipo dawa mbili zinazotajwa wodini, kwinini na sindano ya artesuneti, na bado wapo wazazi, na hata baadhi ya watoa huduma, wanaoziona kuwa ni sawa, kwamba yoyote itakayopatikana itatosha. Makala haya yanaziweka dawa hizo mbili sambamba kwa kutumia majaribio ya kitabibu yaliyozilinganisha, baadhi yakiwa yamefanyika katika hospitali zetu wenyewe. Natanguliza hukumu yangu ili msomaji asiitafute: artesuneti ndiyo ya kuchagua popote ilipo, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini, kwa kiasi gani, na ni wakati gani kwinini bado ina kazi.

Kwanza ieleweke kinachozungumzwa. Malaria kali si homa ya malaria iliyompata mtu anayeweza kukaa, kunywa na kumeza vidonge. Ni malaria iliyomfanya mgonjwa apoteze fahamu, apate degedege la kujirudia, ashindwe kuketi au kunyonya, atapike kila anachopewa, apumue kwa shida, akojoe mkojo mweusi kama kahawa, au apungukiwe damu kiasi cha viganja kuwa vyeupe. Hali hiyo huitwa na wengi malaria iliyopanda kichwani, ingawa ubongo ni kiungo kimoja tu kati ya vinavyoshambuliwa. Mgonjwa wa namna hii hawezi kutegemea vidonge, hivyo dawa lazima ipite kwenye mshipa au kwenye msuli, na hapo ndipo swali la artesuneti au kwinini linapozuka.

Majaribio yaliyoamua

Jaribio kubwa la kwanza lilifanyika katika nchi nne za Asia, yaani Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2005. Wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima, waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa artesuneti na nusu kwinini. Kati ya 730 waliopewa artesuneti walikufa 107, na kati ya 731 waliopewa kwinini walikufa 164. Kwa asilimia, hiyo ni 15 dhidi ya 22. Ukihesabu kwa namna nyingine, kila wagonjwa 13 hivi waliotibiwa kwa artesuneti badala ya kwinini, mmoja zaidi alinusurika. Ni tofauti kubwa mno kwa ugonjwa ambao dawa yake ya zamani ilikuwa imetumika kwa karibu karne mbili, na jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, madaktari wengi wa Afrika hawakubadilisha tiba mara moja, na kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kusubiri. Mgonjwa wa malaria kali barani Asia mara nyingi ni mtu mzima ambaye figo na ini vimeathirika. Barani Afrika ni mtoto mdogo, mwenye degedege, upungufu mkubwa wa damu na tindikali iliyozidi mwilini, na mara nyingi hufa ndani ya siku ya kwanza au ya pili tangu alazwe, kabla ya dawa yoyote kupata nafasi ya kutosha. Aidha kwinini ilikuwa bado inawaua vimelea vya Afrika vizuri. Kulikuwa pia na wasiwasi uliotokana na majaribio ya wanyama kwamba dawa za jamii ya artemisinini zikizidi huweza kudhuru mishipa ya fahamu. Matokeo ya mtu mzima wa Bangladesh hayakuweza kubebwa na kuwekwa juu ya mtoto wa Muheza, Tanzania, bila kupimwa upya.

Upimaji huo ulifanyika kati ya mwaka 2005 na 2010 katika jaribio lililoitwa AQUAMAT, likiratibiwa na kitengo cha utafiti cha Mahidol na Oxford kilichoko Bangkok chini ya Arjen Dondorp na Nicholas White. Lilihusisha vituo 11 katika nchi tisa za Afrika. Kwa msomaji wa Kiswahili inafaa kutaja baadhi ya vituo hivyo, kwa sababu ndivyo vilivyobeba kazi: Muheza na Korogwe nchini Tanzania, Kilifi nchini Kenya, Mbarara nchini Uganda, Rwamagana na Nyanza nchini Rwanda, na Kinshasa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watoto 5,425 wa chini ya miaka 15 waliingizwa, na hilo lilikuwa jaribio kubwa kuliko yote yaliyokuwa yamefanywa kwa wagonjwa wa malaria kali waliolazwa.

Namna ya kugawa wagonjwa ndiyo iliyoyapa matokeo uzito wake. Daktari hakumchagulia mtoto dawa kwa kumtazama. Baada ya mzazi au mlezi kukubali, ilifunguliwa bahasha iliyofungwa, isiyoonyesha kilichomo, na dawa iliyoandikwa ndani ndiyo iliyotolewa. Kwa njia hiyo watoto waliokuwa mahututi zaidi hawakulundikwa upande mmoja, na makundi mawili yalifanana kwa umri, kwa ukali wa ugonjwa na kwa mengine yote isipokuwa dawa. Baada ya hapo watoa huduma waliijua dawa iliyotolewa, jambo ambalo katika tafiti nyingine lingetia shaka. Lakini kipimo kikuu hapa kilikuwa kifo hospitalini, na kifo hakitegemei maoni ya anayekiandika.

Matokeo yalitangazwa Novemba 2010. Kati ya watoto 2,712 waliopewa artesuneti walikufa 230, sawa na asilimia 8.5. Kati ya 2,713 waliopewa kwinini walikufa 297, sawa na asilimia 10.9. Namba hizi husomwa kwa njia mbili, na ni vizuri msomaji azijue zote, kwa sababu matangazo ya dawa hupenda kutumia moja tu. Ukilinganisha vifo vya upande mmoja na vya upande mwingine, artesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5. Ukihesabu kwa watoto wote waliotibiwa, ilizuia vifo viwili na ushei katika kila watoto mia, yaani mtoto mmoja zaidi aliyeokolewa katika kila watoto 41. Hesabu ya pili inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayompa mganga mkuu wa wilaya picha halisi: wodi inayolaza watoto mia nne wa malaria kali kwa mwaka ingepunguza watoto wanaozikwa kwa tisa au kumi kwa kubadilisha dawa peke yake, bila kuongeza kitanda, mtungi wa oksijeni wala muuguzi.

Mengine yaliyopimwa yaliegemea upande huohuo. Degedege baada ya kuanza tiba liliwapata asilimia 8.3 ya watoto wa artesuneti na asilimia 10.1 ya watoto wa kwinini. Kati ya walioingia wakiwa na fahamu, asilimia 3.5 walizipoteza baadaye upande wa artesuneti, dhidi ya asilimia 5.1 upande wa kwinini. Sukari kushuka kupita kiasi ilitokea kwa asilimia 1.8 dhidi ya 2.8. Jambo moja halikutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa, nalo ni ulemavu wa ubongo uliobaki kwa waliopona. Nasisitiza hili kwa sababu mzazi anaweza kuahidiwa kwamba artesuneti itamlinda mtoto asibaki na kilema, upofu au ugumu wa kusema. Jaribio halikuonyesha hivyo. Kilichoonyeshwa ni kwamba watoto wengi zaidi waliishi, na hofu ya dawa kudhuru mishipa ya fahamu haikuthibitika.

Kwa nini moja inashinda

Dawa zote mbili zimetoka kwenye mimea. Kwinini ilitengwa kutoka magamba ya mti wa mkwinini mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou, na mti huo ulifika hadi Usambara, ambako Wajerumani waliupanda katika kituo chao cha utafiti cha Amani, na hadi Kivu, ambako kiwanda cha Bukavu kimetengeneza kwinini kutokana na mashamba ya huko. Artesuneti hutokana na artemisinini ya mmea wa artemisia, kazi iliyompatia Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tofauti yao kubwa ni umri wa kimelea wanachokiua. Kimelea cha malaria kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu hukua kwa takriban saa 48. Katika saa za mwanzo chembe iliyoambukizwa bado inazunguka mwilini na damu. Baadaye inanata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo na viungo vingine, na kuiziba. Kuziba huko ndiko kunakoleta kupoteza fahamu. Kwinini humpiga kimelea aliyekwisha kukomaa, wakati chembe yake tayari imenata. Artesuneti humuua hata akiwa mchanga, kabla ya kunata, na huwaondoa vimelea kwenye damu kwa haraka zaidi. Mtoto anayelazwa akiwa na kundi kubwa la vimelea vichanga anaweza kuonekana nafuu saa ya kwanza kisha akazidiwa usiku wake, vimelea hao wakikomaa wote kwa pamoja. Kwinini humwacha apite kwenye hatari hiyo, na artesuneti huikata njiani.

Kazi ya kando ya kitanda

Hapa ndipo naona ulinganisho ukiwa na uzito ambao takwimu za vifo pekee hazitoi. Tumchukue mtoto wa kilo 12.

Kwa kwinini, dozi ya kuanzia ni miligramu 20 kwa kila kilo, yaani 240, zikichanganywa katika maji ya glukosi na kupitishwa polepole kwa saa nne. Saa nane tangu kuanza, inawekwa dozi ya miligramu 120, na saa nane baadaye nyingine. Katika siku ya kwanza mtoto anaweza kuwa kwenye dripu kwa hadi saa 12, na katika saa hizo zote mtu anapaswa kuhesabu matone, kwa sababu kwinini ikiingia kwa kasi hushusha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Katika wodi yenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku na vitanda vyenye watoto wawiliwawili, kazi hiyo huishia kwa mama aliyeambiwa aite dripu ikikaribia kwisha. Sindano ikitoka kwenye mshipa saa tisa za usiku, dozi inayofuata inachelewa, na ucheleweshaji huo hauandikwi popote.

Kwa artesuneti, mtoto huyohuyo anahitaji miligramu 3 kwa kilo, yaani 36. (Mtu mwenye kilo 20 au zaidi hupewa 2.4 kwa kilo. Kiwango cha watoto wadogo kiliongezwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 kwa kuwa miili yao huipoteza dawa haraka.) Kichupa cha miligramu 60 kina unga mweupe. Muuguzi anauyeyusha kwa mililita moja ya bikaboneti inayokuja nayo, anatikisa mpaka utando wa weupe upotee na dawa iwe angavu, kisha anaongeza mililita tano za maji ya chumvi au ya glukosi. Kila mililita sasa ina miligramu 10, hivyo anavuta mililita 3.6 na kuzisukuma taratibu kwenye mshipa kwa dakika moja au mbili. Mshipa ukikosekana, dawa huchanganywa kwa maji machache zaidi na kuchomwa kwenye paja kwa mbele. Inarudiwa saa ya 12 na saa ya 24, kisha mara moja kwa siku. Sharti moja lisilopuuzwa ni kwamba dawa iliyokwisha kuchanganywa itumike ndani ya saa moja. Kilichobaki kinamwagwa, hata kama inauma kumwaga dawa.

Wapo ndugu wa mgonjwa wanaohofu wakiona hakuna dripu iliyotundikwa, kwa kuwa kwetu dripu imekuwa ndiyo alama ya kwamba mtu anatibiwa kwa dhati. Wanastahili kuelezwa kwa upole kwamba maji si dawa ya malaria. Mwaka 2011 jaribio jingine lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, liitwalo FEAST, lilionyesha kwamba watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofu, zaidi ya nusu yao wakiwa na malaria, hawakufaidika kwa kumiminiwa maji mengi kwa haraka: katika saa 48 za kwanza walikufa asilimia 10.5 hivi ya waliomiminiwa, dhidi ya asilimia 7.3 ya ambao hawakumiminiwa.

Madhara ya kila moja

Kwinini huchochea kongosho kutoa insulini na hivyo hushusha sukari, jambo la hatari kwa mtoto ambaye hajala siku nzima na la hatari zaidi kwa mjamzito. Mgonjwa aliyezimia hawezi kusema anasikia kizunguzungu, kwa hiyo sukari isipopimwa mara kwa mara itashuka bila mtu kujua. Kuvuma kwa masikio, kichefuchefu na kutosikia vizuri kwa muda ni mambo yanayojulikana na kila aliyewahi kuitumia. Ikichomwa kwenye msuli huuma sana, huweza kuleta jipu, na ikichomwa vibaya kwenye tako imewaacha baadhi ya watoto wakichechemea maisha yote.

Artesuneti ni nyepesi kwa mwili katika siku za tiba, lakini ina dhara moja linalokuja kwa kuchelewa na ambalo wazazi wachache huambiwa. Kuanzia wiki moja hivi baada ya tiba, baadhi ya wagonjwa, hasa waliokuwa na vimelea wengi sana, hupasukiwa na chembe nyekundu za damu na kupungukiwa damu upya. Hali hiyo iligunduliwa kwanza kwa wasafiri waliotibiwa Ulaya, kisha ikaonekana kwa watoto wa Afrika. Kwa kawaida hupita yenyewe, ila wachache huhitaji kuongezewa damu. Kwa sababu hiyo mtoto aliyeruhusiwa arudishwe kupimwa wingi wa damu katika wiki zinazofuata, na arudishwe mara moja akiwa mweupe, mwenye macho ya njano au mkojo mweusi. Dhara hili halibatilishi ushindi wa artesuneti, kwani linafuatilika, na aliyekufa usiku wa kwanza hana wiki ya pili ya kufuatiliwa.

Nani apewe ipi

Kwa mtoto, mtu mzima na mjamzito wa mwezi wowote wa mimba, anayenyonyesha pia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni artesuneti kwanza. Kwa watoto wa Afrika msimamo huo ulitolewa mwaka 2011, miezi michache baada ya AQUAMAT. Artesuneti isipokuwepo, inayofuata ni sindano ya artemetha, na kwinini inakuja baada ya hapo. Artemetha ni rahisi kuchoma, lakini imo ndani ya mafuta na hufyonzwa kwa namna isiyotabirika kwa mgonjwa aliyezidiwa. Isichukuliwe kuwa ni artesuneti kwa sababu majina yanakaribiana. Kwinini basi inabaki kuwa dawa ya akiba, ambayo kituo kinapaswa kuwa nayo na kujua kuitumia kwa vipimo sahihi, si dawa ya kuanzia kwa mazoea au kwa sababu ilibaki stoo.

Zahanati isiyoweza kulaza iko katika hali tofauti. Mtoto wa chini ya miaka sita anaweza kuwekewa artesuneti ya njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kilo, mara moja, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009, lililofanyika Bangladesh, Ghana na Tanzania, lilionyesha faida kwa watoto wadogo waliokuwa mbali na hospitali. Lakini uzoefu wa baadaye wa Kongo, Nigeria na Uganda ulionyesha kwamba pale rufaa inapolegalega na tiba ya baadaye isipokamilishwa, dawa hiyo haipunguzi vifo. Kuiweka na kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuwa homa imeshuka ni kumwacha katikati ya hatari.

Onyo hilohilo linahusu sindano zenyewe. Iwe artesuneti au kwinini, mgonjwa akishapata sindano kwa angalau saa 24 na akaweza kumeza, lazima amalize dozi kamili ya siku tatu ya dawa mseto. Sindano moja ya artesuneti inayotolewa kwa malaria ya kawaida, mgonjwa akalipa na kuondoka bila mseto, ni matumizi mabaya, na nayaona kuwa hatari kuliko watoaji wanavyodhani. Vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ya kelch13, vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Artesuneti bado inatibu malaria kali katika maeneo hayo, lakini kila dozi isiyokamilika huvipa vimelea hivyo nafasi ya kuenea, na dawa isiyo ya jamii ya artemisinini iliyo nyuma yake kwenye rafu ni kwinini, pamoja na vile vifo viwili na ushei vya ziada katika kila watoto mia.